Uswidi Iko Juu ya Polandi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamua. Nahama nchi! Watu wa Turwa watanikoma.

Tangu mke wangu Ester afariki, hakuna anayesogea kwangu. Wote wako uani kwa jirani yangu Simioni, wanatazama picha za mwanawe Method aliyeko Polandi. Method na theluji. Method na basi la umeme. Method ameshika kabichi! Kabichi hata hapo kijijini Nyanungu zipo, tena kubwa kuliko ile. Drafti niliyokuwa nacheza na Simioni kila jioni imekufa. Ubao wameugeuza meza ya kuegemezea simu.

Mpango ni huu. Natangaza kwamba naenda kuishi ughaibuni. Watu wanashtuka. Wanakuja mmoja mmoja kunisihi nisiende, Simioni akiwa wa kwanza. Nakataakataa kidogo, kisha nabaki. Hata pasipoti sihitaji. Wallahi, Machage mimi sijambo kwa akili!

Jumatano, 3 Septemba

Kuchagua nchi ni kazi. Nilikwenda stendi kwa Yassini, fundi simu, maana ana ramani kwenye simu yake. Kanada: baridi. Dubai: joto, na Yassini anasema binamu yake huko analala chumba kimoja na watu waliobanana kama dagaa. Mimi nikorome mbele ya watu? Hapana.

Nikamwambia anitafutie nchi iliyo juu ya Polandi. Akasema juu kuna bahari, halafu Uswidi. Basi Uswidi! Method akitaka kuniona itabidi ainue shingo. Yassini akaniuliza nitafanya kazi gani kule. Nikamwambia asiingilie mambo ya watu wazima.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetangaza kanisani. Mchungaji akaniombea safari. Watu wakapiga makofi. Makofi! Hakuna hata mmoja aliyesema baki. Rhobi wa kwaya akauliza toroli langu namwachia nani. Nikampigia Boke, binti yangu aliyeolewa Mugumu. Nilijua huyu atalia. Akasema hongera baba, na nisisahau sweta.

Jioni akaja Simioni. Akakaa, akakohoa, akaangalia chini muda mrefu. Nikangoja. Akauliza yule ng'ombe wangu mwekundu, ambaye karibu anazaa, ataangaliwa na nani. Hasira zikanipanda! Nikamwambia mchukue wewe. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Hapo nimejifunga. Kwa ukoo wetu, kumwekea mtu ng'ombe si mchezo. Yeye anakunywa maziwa, lakini wewe kiti chako kwake hakiondoki. Siku yoyote unaingia, unakaa, unaletewa kibuyu, na hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Ng'ombe akizaa, dang'a, yale maziwa ya kwanza, haionjwi mpaka mwenye ng'ombe aje amwone ndama. Yaani nimepata kiti siku ileile niliyoaga!

Jumatano, 10 Septemba

Nilikuwa nimepanga kuugua asubuhi. Walifika kabla sijaanza! Kwaya nzima, na Rhobi na toroli (langu!) la kubebea sanduku. Wakanisindikiza mpaka stendi wakiimba. Simioni alisimama nyuma, hakuimba. Kwanza hana sauti.

Nikapanda gari la Sirari. Nikasema naunganisha Nairobi, huko ndiko kwenye ndege. Sirari nikashuka, nikavuka mpaka kwa miguu, nikatokea Isebania upande wa Kenya. Nikapata chumba kwa mama mmoja anaitwa Eunice.

Nani atabisha kwamba si ughaibuni? Bendera nyingine, hela nyingine, chai ya huku nyingine. Eunice ananiita Mtanzania. Anasema naongea kama taarifa ya habari. Nikisimama mlangoni naona mabati ya Sirari. Sijatazama sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Ugeni ni kitu kibaya. Vijana wa huku hawaniamkii. Kwetu hata mtoto aliyenichukia alikuwa ananipa shikamoo yangu. Hawa salamu yao ni sasa mzee tu, wanapita. Jioni nimejipangia drafti kwa vifuniko vya soda, mimi na mimi. Nimeshindwa.

Leo nikavuka kwenda gulioni Sirari, hamu tu ya ugali wa muhogo. Nani yule? Simioni! Nikajitupa nyuma ya magunia ya vitunguu. Alikuwa ananunua chumvi ya mifugo kwa Maua, mwenye kibanda cha jirani. Maua akamtania, tangu lini ana ng'ombe wa kudekezwa hivyo. Simioni akasema si wake, ni wa rafiki yake aliyeko Uswidi. Akasema jioni anautoa ubao wa drafti, anaupangusa, anaurudisha ndani. Maua akamuuliza mbona basi hakumzuia. Akajibu alitaka sana, ila mtu unamzuiaje riziki yake? Ndiyo maana akaomba ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe zizini kwako lazima siku moja aje.

Machozi yakanitoka. Nadhani ni vitunguu. Alikuwa karibu, hata harufu ya tumbaku yake niliisikia! Ningesimama tu, niseme mura, ndugu yangu, mimi huyu hapa. Lakini nilikuwa nimevaa kandambili. Mtu wa Uswidi na kandambili? Nikachuchumaa mpaka akaenda zake. Goti limevimba. Ugali sikula.

Jumatano, 17 Septemba

Simioni amepiga kwa Watsapu, ile ya kuonana sura! Nikavaa sweta mbio, nikaegemea ukuta mweupe wa Eunice. Jua la saa saba, jasho mpaka kwenye soksi.

Ng'ombe amezaa! Ndama jike, mwekundu, paji jeupe. Akanionyesha. Dang'a ameifunika, watoto wanaizunguka, na amewakataza wote kuonja mpaka mimi nifike. Akauliza naja lini. Nikasema ni mbali. Kisha akasema waziwazi kwamba nirudi. Kwamba Turwa haina raha bila mimi, na hizo picha za Method amezichoka, kabichi ni kabichi. Amesema! Ndilo neno nililokuwa nalitafuta muda wote huu!

Nilishafungua mdomo niseme nakuja, kesho, leo, sasa hivi. Hapo akili ikanijia. Ikiwa siku chache tu ananisihi hivi, baada ya miezi itakuwaje? Atawaleta wazee wa kanisa. Boke atalia. Rhobi atarudisha toroli! Nikamwambia Waswidi wamegoma kuniachia, bado wananihitaji.

Jogoo wa Eunice akawika. Simioni akauliza ni nini hicho. Nikasema ni jogoo wa Kiswidi. Akasema haya. Akakata.

Ijumaa, 19 Septemba

Hajapiga. Jana hajapiga. Simu nimeizima na kuiwasha, labda imeharibika. Nikamwomba Eunice anipigie. Ikaita vizuri tu.

Mchana Boke ametuma picha. Kumbe Simioni alimwita kutoka Mugumu. Alimwambia kama mwenye ng'ombe hawezi kufika, basi damu yake ifike badala yake, dang'a isiharibike. Wote wako uani: Boke, Simioni, Rhobi, hata Yassini na simu yake. Midomo imepakaa dang'a, wanacheka. Ubao wa drafti umetolewa. Kiti changu kipo, hakijaondoka. Amekikalia mjukuu wangu, miguu haifiki chini. Boke ameandika kwamba wamekunywa na fungu langu, na kwamba ningekuwepo ingekuwa raha zaidi.

Nimeitazama picha hiyo mpaka chaji ikaisha. Eunice akaniletea chai ya rangi, akauliza, mzee, mbona unalia? Nikasema ni vitunguu. Akaangalia chumba chote. Hakuona kitunguu, akaniongezea sukari tu. Ana adabu yule mama.

Nimekaa, nimefikiri kwa makini, na kosa nimeliona. Uswidi ni karibu mno! Mtu akiwa karibu hivyo watu hawamlilii ipasavyo. Nimempigia Yassini kumuuliza kama kuna nchi iliyo mbali zaidi. Anasema Norwei, iko ubavuni tu mwa Uswidi, ila kwenye ramani inapanda juu zaidi. Safi kabisa. Nahamia Norwei Jumatatu. Nimeshaongea na Eunice, amekubali. Ni chumba cha nyuma, kidogo, kina nyufa, lakini dirisha lake linaangalia Sirari.