Ulaya Ndani ya Jiko la Shangazi

Jumatatu, 6 Aprili
Leo nimeingia Ulaya kwa mlango wa nyuma, nimebeba sambusa! Ummu, binti wa Shangazi Johari, anasoma chuo huku Marekani, mtaa wa Shaw; ndiye aliyetupatia oda. Wasomi wamekutana hapo chuoni kulinganisha ajira za Ulaya, nchi kwa nchi. Nikaegemea ukuta na sinia langu, masikio wazi. Subhanallah! Kumbe wenzetu wanafanya kazi na bado wanaishi! Ufaransa, ukishatoka kazini bosi hakusumbui kwa simu. Ujerumani, wafanyakazi wana baraza, na bosi anaketi nao meza moja. Denmark ndiyo kiboko: ukifukuzwa unalipwa, tena unafundishwa kazi mpya. Msemaji akasema "lakini", na hapo hapo Chebet, mfanyakazi mwenzangu, akanivuta shati, ati chai imeisha na mimi nimesimama hapo kama mgeni rasmi.

Huyu Chebet wa Eldoret! Mwezi ujao Shangazi anakwenda Hijja, na funguo za jiko letu la kupika kwa oda hapa Greenbelt atamwachia mmoja wetu. Mama keshatangaza Tanga nzima kwamba mwanawe anakabidhiwa jiko Marekani. Chebet ana nini? Kuwahi kazini tu. Mimi ni damu, na damu nzito kuliko maji. Tena sasa nina mbinu za Ulaya pia.

Jumanne, 7 Aprili
Nimeanza na Ufaransa. Kazi imeisha, simu nimeizima. Raha iliyoje!

Jumatano, 8 Aprili
Jana magharibi watu wa hitima kule Sterling walizidi, wali ukapungua. Shangazi kanipigia mpaka kidole kikamuuma. Chebet akapika, akapeleka, akarudi na sifa. Mnafiki!

Haidhuru. Leo Ujerumani. Nikaunda baraza, nikajichagua mwenyekiti. Chebet akasema ati yeye alikuja kazi, siasa aliwacha kwao. Nikamwomba Shangazi aje aketi mbele ya baraza ajieleze. Akanawa mikono, akachukua simu. Chai haijachemka, Mama huyo kwenye simu kutoka Tanga! Ati nimemweka wifi yake kikaoni? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na yeye hataki watu waseme hakunifunza. Nikaomba radhi nimepiga magoti, simu imewekwa spika, Chebet anasikiliza. Wajerumani hawana Mama Tanga, ndiyo maana mambo yao yanakwenda.

Alhamisi, 9 Aprili
Denmark! Nimemwomba Shangazi anifukuze. Hesabu yangu safi: napumzika, nalipwa, nafundishwa kazi mpya, yaani usimamizi. Maishani sijaona ombi likikubaliwa upesi vile. Chebet akanishikia mlango.

Ijumaa, 10 Aprili
Nimerudi kutoka msikitini, nimekaa kwenye kochi la besimenti, chumba cha chini cha nyumba ya Shangazi, nasubiri malipo. Nikamtumia meseji ya kumkumbusha. Akanitumia picha ya kicheko.

Ummu akashuka, nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akajibu kwa Kiingereza chake, ati kule anayelipa si bosi! Ni serikali, na mfuko ambao wafanyakazi wenyewe huuchangia mapema, kabla ya kufukuzwa. Ndiyo ile "lakini" niliyoikosa kwa ajili ya chai. Chebet!

Usiulize nilivyoogopa. Sina kazi, na nyumba ninayolala ni ya aliyenifukuza. Mama nitamwambia nini?

Jumamosi, 11 Aprili
Shangazi kaniita jikoni. Kasema pesa ya Denmark hana, ila mafunzo anayo. Kazi mpya: kumenya na kukata vitunguu. Mwalimu: Chebet. Funguo tayari zinalia kiunoni mwake kama njuga! Mwalimu huyo kasema ati navikata vinene kama vya kulisha ng'ombe. Nimelia, Ya Rabi nimelia. Nikasingizia vitunguu.

Mama kapiga kuulizia funguo. Nikamwambia ziko karibu nami sana. Si uongo.

Jumapili, 12 Aprili
Machozi yamekauka. Ummu yuko sebuleni anaandika kazi ya chuo. Nikamchungulia begani. Italia! Kule biashara nyingi ni za ukoo, na uongozi hubaki kwa mtu wa damu. Damu! Mbona hawakuanza na hiyo? Nikavaa kanzu yangu safi, nikajipulizia manukato, nikaenda kumtafuta Shangazi.

Ummu akaniita kwa nyuma, anasema "lakini". Nikamwambia asinichoshe.