Rekodi ya Shefu Honoré

Tunatangazia mama wote wa Bukavu, wa Kadutu, wa Bagira na wa Ibanda, hata wale wanaopanda kutoka Nyangezi na mizigo mugongoni: biro ya karatasi za raia ya mutaa wetu imetangazwa kuwa biro yenye mbio kupita zote katika jimbo. Habari hii ni ya kweli, nilikuwa ndani. Ninaiandika kwa kuonya, juu sifa ya namna hii ni hatari kwa mutoto wa mutu.

Mimi ni Mama Eulalie, muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na tena mujumbe wa Komisio ya Mwendo wa Haraka, upande wa Wangojaji. Upande wa Wangojaji ulikuwa na mujumbe mumoja.

Mutoto wangu Eulalie anamaliza sekondari. Alihitaji atestasio, ile cheti ya kuzaliwa, ili aandikishwe kwa Exetat, ule mutihani wa Serikali. Bila karatasi, jina haliingii kwa orodha. Jina lisipoingia, mwaka umekufa. Tukaenda ku biro. Tukaambiwa turudi kesho. Hatukulalamika: biro ni ya watu wenye kufikiri, na kufikiri kunaomba siku. Tukarudi kesho, tukakuta kesho nayo iko na kesho yake.

Sasa, huyu mutoto iko na ugonjwa mumoja tu, michezo ya ordinatere, ile kompyuta. Si kuicheza. Afadhali angekuwa anaicheza. Anasimamisha muchezo, kila kitu kinaganda kama picha ya ukutani. Anabonyeza kifungo, anaacha muchezo usogee kidogo sana, chini ya kupepesa jicho, kisha anausimamisha tena. Akikosea, anarudisha nyuma na kuanza palepale. Ni vile miezi na miezi. Courant ya umeme ikikatika analala, courant ikirudi anaamuka. Mwishoni anaunganisha zile hatua nzuri tu, na wewe unaona kamutu kadogo ka muchezo, kapakasi fulani, kabeba-mizigo kenye kofia, kanakimbia kama kameiba. Kanaruka mashimo bila kuyaangalia. Kanapita ndani ya ukuta kama ukuta ni moshi. Ngome yote ya muchezo inaisha mbele ya chai yako kupoa. Watu wa Brezili, watu wa Japani, wote waliandika chini yake kama haiwezekani. Na Eulalie mwenyewe alikuwa ameandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: IMEFANYWA KWA MUSAADA WA CHOMBO, MIKONO YA MUTU HAIWEZI. Ndiye mutoto niliyezaa: anafanya maajabu, kisha anayakana.

Ile siku, tukiwa kwa mustari, akamuonyesha video musichana wa nyuma yetu. Musichana akapiga kelele. Madame Constance wa dirishani akatoka kuona ni nani anafurahi ndani ya biro.

"Nani anacheka hapa?"

"Si kucheka, madame, ni kushangaa," nikasema.

"Kushangaa ni mulango wa tatu. Leta hiyo telefoni."

Akaiangalia, hakurudi dirishani. Akaingia nayo kwa Shefu Honoré, mukubwa wa biro, na kisha sisi pia tukaitwa. Shefu alikuwa ameinamia telefoni, miwani imepanda kwa paji la uso.

"Mama, huyu mutoto wako alipita namna gani ndani ya ukuta?"

"Shefu, mimi ninauza sambaza."

"Ukuta ule uko na kasoro, Shefu," Eulalie akasema. "Niliitafuta siku nyingi. Tena ile si mbio ya kweli. Nyuma yake kuko polepole tupu."

Shefu akasimama. "Rudilia hapo."

"Nyuma ya ile mbio kuko polepole tupu."

"Madame Constance, umesikia? Polepole tupu! Kumbe siye nusu ya kazi tumeisha kuifanya tangu zamani!"

Komisio ikazaliwa siku hiyohiyo. Inspekteri mukubwa, Ekselansi Ezéchiel, alikuwa anangojewa kutoka Kinshasa, anakuja kuangalia kama raia wanahudumiwa kwa haraka. Shefu akaamua atamuonyesha filme: atestasio moja, toka mulangoni mpaka muhuri, kwa dakika tatu. Eulalie ataifanya kama anavyofanya muchezo wake. Na kwa sababu Serikali haichezi na karatasi za uongo, karatasi ya ndani ya filme itakuwa ile ya kwetu.

"Kwa hiyo mutoto ataipata?" nikauliza.

"Mama, ataipata mbele ya kamera! Ni mutoto wa nani mwingine amepewa heshima kama hiyo?"

Nikashukuru. Mama wenzangu, hapo ndipo ningemushika mutoto mukono tutoke.

Mimi nilicheza mama. Ninaingia, Shefu anasema "Simama!", wote tunaganda, muguu wangu mumoja uko hewani. Madame Constance anasogeza mukono, simama. Kalamu inashuka, simama. Muhuri unapiga, ninapewa atestasio, ninatabasamu. Shefu anaangalia picha, anatikisa kichwa.

"Tabasamu ya mama imechelewa. Rudisha nyuma."

Basi atestasio inapasuliwa, juu karatasi moja haiwezi kupigwa muhuri mara mbili, ni sheria, na tunaanza upya. Nilipokea atestasio ya mutoto wangu mara nyingi kupita mama yeyote wa jimbo hili. Sikutoka na hata moja.

Nje mustari ulifika barabarani. Kwa mulango walibandika tangazo: BIRO IMEFUNGWA KWA AJILI YA MBIO. Watu walisoma, wakasogeana kwa heshima.

Ikabaki koridori. Kutoka dirishani mpaka kwa meza ya Shefu, penye muhuri, koridori inapinda, na Madame Constance alipoteza wakati mwingi kwa kupinda nayo.

"Yule pakasi wako angepinda?" Shefu akauliza.

"Hapana, Shefu. Lakini ule ni muchezo," Eulalie akasema.

"Na hii ni Serikali. Serikali ishindwe na muchezo?"

Fundi akaletwa, ukuta ukatobolewa, kadiri ya mutu kupita ameinama. Ndani ya filme ilikuwa muzuri sana. Unaona ukuta, kisha unaona Madame Constance.

Filme ikaisha jioni moja, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya Ekselansi. Tena ndiyo ilikuwa siku ya kufunga orodha ya Exetat kwa shule. Ile jioni, tukishuka Nyawera kwenda nyumbani, mutoto akasema:

"Mama, ile atestasio ya mwisho, Shefu ameifungia kwa kabati. Anasema ni kitu cha makumbusho."

"Atakupa ingine."

"Na ameondoa yale maandishi yangu, ya chombo. Anasema yanaharibu utukufu wa picha."

"Kula mukate," nikamuambia.

Ekselansi alifika na gari nne. Viti vya plastike, soda, hotuba. Filme ikapigwa. Nikajiona ninaingia, Madame Constance akatokea ukutani, muhuri ukalia, nikatabasamu kwa wakati wake. Dakika tatu. Ekselansi akafuta macho.

"Nimezunguka nchi hii yote," akasema, "sijaona kitu kama hiki." Akavua saa ya mukononi, akaiweka mezani. "Bon. Sasa mufanye mbele yangu."

"Ekselansi, tumeisha kufanya," Shefu akajibu. "Ni ile."

"Ile nimeiona. Nataka kwenda kusema Kinshasa kama niliona mutu, si télé."

"Kuko matayarisho kidogo, Ekselansi..."

"Matayarisho gani? Ama filme ni ya uongo?"

Shefu akamugeukia Madame Constance. Kiti chake kilikuwa tupu. Akageukia wafanyakazi wengine. Wote walikuwa wamepata kazi ya haraka huko nje. Akamuangalia Eulalie. Eulalie akaangalia viatu vyake.

"Nani hapa anahitaji karatasi?" Ekselansi akauliza.

"Miye!" nikapiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza upande wa Wangojaji ulipewa neno.

Shefu Honoré akavua koti. Akaketi dirishani, akaandika jina la mutoto, siku aliyozaliwa, jina la baba, jina langu. Akajirusha kwa tundu la ukuta. Tumbo likakwama, akapumua nje, likapita. Tukasikia anagonga kabati, tukasikia kiti kinaanguka, muhuri ukalia mara moja, na kichwa kikatokea tena, cheupe kwa chokaa. Akanipa karatasi. Ekselansi akaokota saa.

Haikuwa dakika tatu. Haikufika hata mbili.

Shefu mwenyewe alikuwa anaangalia mikono yake kama ya mutu mwingine.

"Mama," Eulalie akaninong'oneza, "amepita mbio ya chombo. Kwa mikono! Hiyo haijatokeaka."

"Kimbia ku shule, kwa prefe wa masomo," nikamuambia, na kumupa ile karatasi. Akatoka, viatu mukononi. Orodha ilikuwa bado wazi. Jina liliingia.

Ndani, Ekselansi alikuwa amemukumbatia Shefu, suti yake imekuwa nyeupe kwa chokaa.

"Kumbe hii atestasio inaomba jina na muhuri tu?"

Shefu hakuwa na pumzi ya kupata uongo. "Tu, Ekselansi."

"Na mutu mumoja anatosha?"

"Ana... anatosha."

Wa nje walikuwa wamesikia. Vichwa vikajaa dirishani. "Shefu, na ya kwangu!" "Na ya mapacha wangu, Shefu, uko na mwendo, usipoe!"

Uamuzi ukafika kutoka Kinshasa, na haukuchelewa. Shefu Honoré apewe diploma ya heshima. Rekodi yake iwe kipimo cha kila siku. Madame Constance na wenzake watumwe kwa biro zingine. Yeye abaki peke yake, dirishani, mpaka mustari uishe.

Mustari unaanza alfajiri, na kuko watu wanatoka mpaka Luvungi. Siku hizi anapita kwa lile tundu bila kupumua nje.

Juzi nilikuwa pale kwa karatasi ya mudogo wa Eulalie. Mama muzee mumoja alikuwa nyuma yangu, na bugali na sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya kikapu, bado ya moto. Alitoka Lwiro. Alikuwa mama wa Shefu. Alikuwa amejaribu kupita mbele, watu wakamuonyesha mwisho wa mustari.

"Maman," akaniambia, "mutoto wangu alikosa nini? Mbele alikuwa anatoka saa ya chakula. Alikuwa na mwili. Alimuibia nani?"

Nikamushika mukono, mama kwa mama.

"Hakuiba kitu, maman. Alifanya haraka mbele ya watu, siku moja tu. Sasa wote wanajua kama anaweza."