Bonde Limepakwa Chokaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye ni shemeji yangu. Waheshimiwa wakuu wa idara mliofika na mliotuma udhuru. Waheshimiwa mliopata viti na waheshimiwa mliokalia turubai. Na ninyi wananchi wapenzi wa bonde hili, mliokimbia vita mkaenda kubanana na ndugu mjini, na leo mmeletwa kwa lori kushuhudia mnavyorudishwa nyumbani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi. Nitasema machache, halafu nitayafafanua. Vita vilipokwisha, bonde likabaki na panya na magofu, wapo waliokaa wakilia. Ofisi yangu haikulia. Ofisi yangu iliketi, ikafanya wokshopu, ikanywa chai, ikafanya wokshopu nyingine ya kutathmini ile ya kwanza, na hatimaye ikazaa Masta Plani ya Urejeshaji Shirikishi wa Mandhari na Ustahimilivu, ambayo kwa tathmini yetu wenyewe imefikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya malengo, kiwango ambacho hata mimi, nisiyependa kujisifu, nilipokisikia nilisimama nikajipigia makofi. (Kicheko. Mtu anakohoa.)

Namwona Mama Mkunga pale mbele, aliyewapokea duniani nusu ya mliopo hapa, nami nikiwemo. Mama, shikamoo. Amekuja na jembe na gunia la mbegu za mahindi. Wiki iliyopita alikaa kwenye benchi la ofisi yangu mpaka katibu akamwonea huruma akamwingiza, naye Mama akaniambia kwamba mvua ziko mlangoni, kwamba kwa mwanawe mjini wanalala kwa zamu, na kwamba asipopanda msimu huu hana nguvu za kungoja mwingine. Nikamwambia, Mama, wewe ni stekiholda, njoo na jembe lako. (Makofi. Mama Mkunga hapigi.)

Sasa yatazameni mashamba yenu. Kulia utakuwepo ukanda wa miti ya kukinga upepo, kushoto matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, katikati malisho, na pale penye shimo la kombora tutaweka bwawa la samaki, maana kazi ya kuchimba tumeshafanyiwa. (Kicheko.) Na mawe je, mmeyaona? Nilipokuja kukagua niliyakuta yamepangwa ovyo ovyo mashambani, mengine mekundu, mengine meupe, rangi zimechujuka, aibu tupu mbele ya mgeni rasmi. Nikaagiza yapakwe chokaa yote, bila ubaguzi. Leo ni meupe pe! (Wananchi wanatazamana.)

Nasema, meupe pe. Hapo huwa panapigwa makofi.

Haya, Mama Mkunga amenyoosha mkono, mpeni kipaza sauti. Anauliza kama najua nani aliyapaka yale mekundu. Mama, ofisi haina taarifa. Anasema ni wategua mabomu. Anasema nyekundu ilikuwa mahali ambapo mabomu bado yamo ardhini, na nyeupe ni walipokwisha kusafisha kabla hawajaondoka. (Katibu anamnong'oneza mgeni rasmi.) Katibu anathibitisha. Asante, Katibu, ungethibitisha jana. Vijana wetu waliopaka walitoka wazima, na hilo tunalihesabu katika mafanikio ya mradi.

Lakini tusitishane, jamani. Ratiba inasema sasa mimi na Mama tunaingia shambani kwake, tukate utepe, apande mbegu ya kwanza mbele ya kamera. Mama, karibu utangulie, shamba ni lako.

"Hapana, mwanangu. Tangulia wewe, mradi ni wako."

(Kicheko kirefu. Mgeni rasmi anakunywa maji, anamimina mengine, anakunywa.)

Naam. Kuhusu huo mradi. Kitaalamu, Mama, mradi huenda kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa chokaa. Awamu ya pili ni hotuba hii. Awamu ya tatu tulitegemea itajitokeza yenyewe kutokana na ari ya wananchi. Bonde, oyee! Ustahimilivu, juu! (Sauti kutoka turubaini: "Juu ya nini?")

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru vijana wa chokaa, ambao ndio wafanyakazi pekee ambao mradi huu umewahi kuwa nao. Namshukuru dereva wangu, aliyeegesha gari langu kule kivulini, katikati ya mawe yanayopendeza, akarudi kwa miguu akipiga mluzi. Dereva, usilifuate, kaa hapo hapo. Nalishukuru lori lenu, ambalo halikutoka barabarani, nami naomba nafasi humo. Mama Mkunga anasema nafasi ipo, nikalie gunia lake la mbegu, maana mwaka huu halina kazi nyingine. (Hakuna anayecheka.)

Asante, Mama. Nitalikalia taratibu.