Upepo wa Suguti Hauna Chumvi

Jumatatu, 1 Oktoba 1984
Nimepata kazi! Dokta Silasi wa Dar kafunga mashine kwenye jiwe la mwisho la ufukwe wetu wa Suguti. Inavuta upepo wa ziwani kupitia karatasi nyeupe, ajue umebeba nini huko mbali na moshi wa watu. Mimi nalinda na kubadili karatasi. Ujira: miche miwili ya sabuni. Sabuni! Musoma nzima hakuna. Mche mmoja kanipa leo. Mke wangu Pelagia kaufungia kwenye sanduku, wa kufulia gauni la kipaimara la binti yetu Petronila, tarehe 14. Jirani Apolinary aliitaka kazi hii. Kanuna!

Jumatano, 3 Oktoba
Balaa. Karatasi nyeupe pee. Dokta alisema mashine yake ya kisiwani, baharini, hunasa chumvi. Sisi hatunasi kitu! Akiona hivi atahamishia mashine Bunda. Nimechota chumvi ya Pelagia iliyobaki koponi, nikanyunyiza. Ziwa letu lisiaibike.

Alhamisi, 4 Oktoba
Dagaa bila chumvi. Pelagia kaniuliza kama kopo limetoboka. Nimesema labda.

Jumatatu, 8 Oktoba
Dokta kaja na lenzi. Kaona chumvi. Kaona na magadi! (Kopo lilikuwa la magadi zamani.) Apolinary, mmbea, akamwambia nyumbani kwangu tunakulaga dagaa chapwa siku hizi. Nilitamani jiwe linimeze. Dokta hakufoka, Mungu ambariki. Alisema ziwa hili ni la maji baridi, si ya chumvi kama bahari, chumvi itoke wapi? Karatasi ilivyo ndiyo jibu. Nisiongeze kitu. Atarudi Jumapili na mche wa pili.

Ijumaa, 12 Oktoba
Sijaongeza kitu. Lakini vidudu vya ziwani vimekuja wingu zima! Karatasi tatu nyeusi tii. Apolinary kacheka hadi kukaa chini.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimezifua kwa ule mche wa sandukuni. Zilikataa kutakata, mche ukaisha. Moja imechanika, mbili zinang'aa kuliko mpya. Pelagia kafungua sanduku, kakuta tupu. Sasa anafikicha gauni kwa majani ya mpapai, Petronila anamwagia maji huku machozi yakimtoka. Imeniuma sana. Lakini kesho watanielewa. Dokta alikataza kuongeza. Mimi nimepunguza tu. Apolinary anasema lenzi itaona sabuni. Wivu! Nimezisuuza mara mbili, na kwa kuwa zilinuka vidudu, nimezipaka ndimu.