Mizinga Yangu Ndani ya Seng'enge

Kilimambogo, Thika
Agosti 1957

Kwa Bwana Afisa wa Maendeleo,

Bwana,

Nakuamkia kwa heshima yote niliyobaki nayo baada ya kutoka kortini. Mimi ni Kitheka wa Kisilu, mrina asali. Juzi ulituhutubia kwenye baraza pale Makongeni, ukasema Mwafrika haendelei kwa sababu ni mvivu na hana sheria. Tulipiga makofi, kwa kuwa chifu alikuwa akituangalia mikono. Sasa nakuletea malalamiko yangu kwa nambari, usije ukasema hata kuhesabu hatujui.

1. Mizinga yangu imefungwa. Baba yangu aliitundika kwenye mgunga ulio karibu na mto, kabla shamba la makonge halijafika pale. Mwaka jana wapimaji walikuja na minyororo yao, seng'enge ikasogea, na mgunga ukaamka asubuhi ukiwa mali ya Bwana wa makonge. Nilipokwenda kurina, nyapara wake akanikamata. Hakimu akaniuliza mti ni wa nani. Nikamjibu kwamba mti ni wa Mungu lakini mizinga ni yangu, ina alama ya ukoo wetu iliyochomwa kwa chuma, na hata mtoto mdogo wa Kikamba anaijua. Akasema kilicho juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, na kama nabisha nilete karatasi. Loo! Nyuki wamekaa na alama ile tangu enzi za baba na hawajaomba karatasi.

2. Ati hatuna sheria. Bwana, katika shamba langu kuna mkuyu, na juu ya mkuyu huo kuna mizinga ya Syokau, mjane wa Muthoka. Muthoka alikufa zamani. Mizinga yake haina mlinzi, haina kufuli, haina mbwa. Sijaigusa mimi, wala hakuna mtu aliyeigusa, maana alama ni ya ukoo wake, na kwetu mwizi wa asali hapewi hata moto wa kuwashia kiko. Kila akirina, mama huyo huniletea kibuyu kimoja, shukrani ya mti. Hiyo ndiyo sheria yetu. Kwa sheria hiyo mtu alitundika mizinga mbali na kwake na akalala usingizi, akauza asali mpaka Ruiru, akarudi na ng'ombe. Leo kila mmoja ameteremsha mizinga yake akaificha nyuma ya nyumba, ambako nyuki wanauma watoto na asali haipatikani. Hongera kwa maendeleo.

3. Nyuki wenyewe hawajashtakiwa, na hapa naona upendeleo. Mimi nikivuka seng'enge ni kosa. Wao wanavuka kila siku bila kipande, wanaingia mpaka kwenye kahawa ya Mzungu wa ng'ambo ya mto, mmea ambao mimi siruhusiwi kupanda bila kibali, wanagusa kila ua, na kahawa inazaa. Naomba wakamatwe wote. Wapigwe alama za vidole, kama wanavyo. Habari ya malkia wao sitaigusa, nisije nikashtakiwa kwa jambo jingine.

4. Kama kilicho juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, basi Bwana wa makonge akabidhiwe na fisi wake wanaokula mbuzi zetu. Akabidhiwe na yale mafuriko yaliyotoka shambani mwake yakabomoa nyumba za watu huku chini. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wenu nimeutazama vizuri kule kortini. Una meno upande wetu tu.

5. Mwanangu Makau haoi, na hili ndilo linaloniuma hasa. Mukonyo, baba wa msichana, amekataa katakata pombe ya sukari. Anataka ya asali, kama aliyotoa yeye alipooa, na ana haki. Asali yenyewe iko ndani ya seng'enge. Kuna karani mmoja wa kiwanda cha kahawa Ruiru ambaye kila Jumapili anapita kwa Mukonyo na baiskeli inayong'aa. Kijana wangu hata chakula hali. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi nimewafuata, nimekula faini.

Kwa hiyo naomba sheria hii ya karatasi ikusanywe, ifungwe pamoja na minyororo ya wapimaji, irudishwe ilikotoka. Tuachieni alama zetu, na nchi itatajirika mpaka mshangae.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na yule karani wako anayetufukuza mlangoni. Makau anakusalimu kwa shida. Syokau pia anakusalimu. Ameniletea uji hapa ninapoandika, na amenisihi nisikuandikie kwa ukali.

Ni mimi, mvivu wako,
Kitheka wa Kisilu

N.B. Nimesikia wapimaji watafika upande wetu kabla ya mvua, na kila mtu atapewa karatasi ya shamba lake. Tafadhali jina langu liwe la kwanza, na wahakikishe ule mkuyu unabaki ndani ya mpaka. Asali iliyo juu yake itamtosha Mukonyo. Karatasi ikishatoka, nitumie askari mmoja aje amweleze Syokau ile habari ya kilicho juu ya ardhi. Awe mpole, kwa maana mama huyo ni mtu mwema sana. Mimi siku hiyo nitakuwa nimekwenda Ruiru.