Mpira Niliowarudishia Wenyewe

Huu ndio ule mwaka watu wanakula nyama bila kitu. Hakuna ugali, hakuna chapati, hakuna hata kipande cha mkate. Mtu alisema kwa televisheni kwamba mkate unanenepesha, na Amerika nzima ikaitikia amina. Binti yangu Ciru anafunga nyama kwa jani la saladi, anatafuna kama fisi aliyeokoka. Siku moja mkiniuliza ilikuwa mwaka gani, sitawapa namba. Nitasema ni mwaka wa nyama na majani.

Basi katika mwaka huo wa njaa ya kujitakia, leo Jumapili, nimeumbuka. Si kuumbuka kwa kuteleza kanisani. Nimeumbuka mbele ya watu wengi kuliko mazishi ya chifu wetu, na chifu wetu alizikwa na wilaya nzima!

Wenzangu wa kikundi cha maombi, ninaandika imeili hii kwa kidole kimoja. Mvumilie herufi.

Mnajua nina watoto wawili huku. Ciru, nesi, yuko DeSoto, hapa Dallas. Kaka yake Kamau yuko Sugar Land, kule Houston. Mimi nimekuwa gunia la viazi, miezi kwa huyu, miezi kwa yule. Kila mmoja wao ana kijana aliyepewa jina la marehemu mzee wangu, Njoroge. Na desturi yetu inaniruhusu kuwaita "mume wangu". Kwa hivyo nina waume wawili, mmoja Dallas, mmoja Houston (na hakuna anayejua kupenga kamasi).

Mume wa Dallas anapenda timu ya besiboli ya Dallas. Mume wa Houston anapenda ya Houston. Timu hizo zikikutana ni wake wenza kwenye kisima kimoja. Na wikendi hii zimekutana hapa kwetu, Ijumaa mpaka leo. Kamau akaja na kijana wake kwa gari kutoka Houston, nikafurahi. Nikasema, leo watoto wangu watakula meza moja.

Walikula, ndiyo. Ijumaa jioni, nyama ya mbuzi na kabeji. Kabla hata hatujanawa, Kamau akaanza.

"Mama, huku kuhamahama kuishe. Magoti yako yamechoka. Kwangu kuna chumba cha chini, hakuna ngazi."

"Na mimi nikienda shifti ya usiku," Ciru akasema, "mtoto nimwachie nani? Paka?"

"Tafuta yaya."

"Unamtaka Mama akae chumba cha chini kama jembe la stoo, wewe uko kazini mchana kutwa!"

"Angalau atakaa. Kwako anafua."

Wote wakanigeukia. Kitu cha kwanza walichokubaliana tangu tumzike baba yao.

"Mama, chagua," Ciru akasema. "Jumapili jioni Kamau anaondoka. Uondoke naye au ubaki."

Begi langu lilikuwa tayari kwenye korido. Sijui nani alilipanga. Mimi sikulipanga.

Nikawaambia: "Sichagui. Nilizaa wawili, na sichagui mmoja."

Wakafikiri ni uchovu wa mzee.

Jumamosi tulishinda nyumbani. Ciru akiwa jikoni: "Mama, mwambie Kamau chai iko tayari." Kamau akiwa jikoni hiyo hiyo: "Mama, mwambie nimesikia." Mimi katikati na kijiko, kama mkalimani wa mkutano wa injili.

Leo baada ya kanisa tukaenda uwanjani, Arlington. Mume wa Dallas akanivika kofia ya timu yake. Mume wa Houston akaniletea fulana ya timu yake. Nikavaa vyote viwili, na sweta juu ya fulana ili amani iwepo. (Sweta! Texas! Mwezi huu! Kuku wanaiva wakiwa hai.)

Tulikaa mbali kabisa, nyuma tu ya ukuta ambapo uwanja wa kuchezea unaishia. Ciru na kijana wake kulia, Kamau na wake kushoto, mimi katikati kama wavu.

Ile besiboli, wenzangu, sitaki kudanganya, sikuona mchezo. Mtu mmoja amesimama na rungu. Mwingine anamrushia mpira mdogo mgumu. Wengine wote wamesimama kwa nyasi wanatafuna mbegu na kutema mate. Watu wananunua soseji, wanatoa soseji, wanatupa mkate! Mikate nikaila mimi. Minne. Jua likazidi, sweta nikavua, leso nikatandaza magotini.

Ndipo mtu wa Dallas akapiga. Twaa! Uwanja mzima ukasimama. Mpira ukapaa, ukaruka ukuta, ukagonga kiti kitupu mbele yangu, ukadunda, ukaingia kwenye leso yangu kama viazi siku ya soko.

Nikauangalia. Nao ukaniangalia.

"Shosho, nipe mimi!" Mume wa Dallas.

"Shosho, please, mimi!" Mume wa Houston. Timu yake ndiyo imepigwa, lakini mtoto ni mtoto.

Mikono miwili midogo. Jina moja. Nikainua macho. Ciru ameacha kutafuna. Kamau ameshika glasi hewani. Hakuna aliyekuwa anaangalia mpira. Walikuwa wanaangalia mkono wangu utaenda upande gani.

Sasa mimi nimelelewa hivi: mpira wa watu ukiruka ua ukaingia shambani kwako, unaurudisha. Ukibaki nao wewe ni mwizi, na watoto wa jirani watakuimba njia nzima. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Sitampa huyu, sitampa yule, nitawapa wenyewe!

Nikasimama. Magoti yakalia. Nikautupa.

(Nimefukuza nyani kwa mawe tangu nikiwa msichana. Mkono bado upo.)

Ukaenda mbali, ukaanguka kwenye nyasi karibu na mmoja wa wale watema mate. Nikapanguza mikono, nikangoja kushukuriwa.

"Buuuuu!"

Nikafikiri kuna nyoka. Nikageuka kumtafuta. Maelfu ya watu wananizomea mimi! Na juu kule, kwenye televisheni kubwa kama ukuta wa kanisa, kuna ajuza wa kofia ya Dallas na fulana ya Houston, makombo ya mkate kidevuni. Nikasema, maskini, huyo mama ni nani? Nikajikuna. Naye akajikuna.

Mzungu mmoja aliyejipaka rangi tumbo zima akanipigia kelele, sikuelewa. Kamau ndiye aliyenieleza, akicheka mpaka machozi.

"Mama! Huku mpira ni wa aliyeudaka! Anayeurudisha ni adui, anamtemea mate aliyeupiga!" Akainua mikono. "Mama ni wa Houston! Mmemwona? Mama ni wa Houston!"

Na watu wa Houston, wachache pale, wakasimama kunipigia makofi.

Ciru hakupiga kelele. Aliiangalia ile televisheni. Aliiangalia fulana.

"Sawa, Mama. Umeshachagua."

"Ciru, nilikuwa narudisha mali ya watu!"

"Umechagua mbele ya Dallas nzima," akasema, akamshika kijana wake mkono, wakaenda kungoja kwenye gari. Waume zangu wote wawili walikuwa wanalia. Wamenitaliki siku moja. Dallas walishinda, nasikia. Sikuona.

Tukarudi nyumbani. Sasa ni jioni, jua bado liko. Kamau amewasha gari nje, kijana wake amelala kiti cha nyuma. Ciru amevaa nguo za kazi, amesimama kwenye korido, anachelewa shifti. Kamau alilinyanyua begi langu, Ciru akamwambia, "Weka chini," akaweka chini. Wamenipa dakika chache nikae nifikirie. Badala ya kufikiria ninawaandikia nyinyi.

Msinicheke, wenzangu. Au chekeni, lakini kesho, na mbali na nyumba hii.

Kamau anapiga honi. Ciru ameita, "Mama, umeamua?"

Ninaenda mlangoni. Begi ninaliacha hapo hapo lilipo. Nitasimama mahali wote wawili wanasikia, niwaambie nilichowaambia Ijumaa, wasifikiri tena ni uchovu:

"Sichagui. Nilizaa wawili, na sichagui mmoja."