Rimu za Dhahabu kwa Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Chama cha magari makongwe kimetoa tangazo. Jumamosi hii kuna mbio, kilomita sitini za changarawe na mawe, kwa magari yaliyovuka miaka thelathini. La kwetu lina thelathini na nane. Tumefuzu bila jasho.

Gari lilikuwa la baba mkwe. Enzi zake lilikuwa la buluu. Sasa lina rangi ya pazia lililofuliwa mno. Mzee alikimbia nalo mbio nyingi, na aliyekuwa akimsomea ramani ni binti yake, yaani mke wangu, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mzee alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo mke wangu hajaingia ndani ya gari hili hata kuchukua mwavuli. Anakwenda kwa miguu hadi shuleni anakofundisha hesabu. Mvua inyeshe, jua liwake, kwa miguu. Mimi naliwasha kila Jumapili, lisije likasahau kazi.

Leo nimepanga kumwomba anisomee ramani. Nimeandika hoja kumi na moja nyuma ya karatasi ya vipimo vya macho (mimi ni fundi miwani). Nimesafisha koo. Kabla sijafungua hoja ya kwanza akasema sawa, atakuja. Hoja zote kumi na moja, kazi bure! Sikujua nifurahi au nizisome hivyo hivyo.

Ametoa sharti moja: nisiguse kitu chochote kwenye gari, zaidi ya kuliosha. Nimekubali papo hapo, kwa moyo mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Moyo huo mmoja umedumu saa kumi na tisa.

Shemeji kaja dukani asubuhi, skrubu ya miwani yake imelegea. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Naye ameingia kwenye mbio. Gari lake ni la kampuni ile ile na langu, ila ni jipya kuliko langu kwa miaka minne, na hajawahi kukaa na mimi dakika kumi bila kunikumbusha. Leo hakunikumbusha. Nilipaswa kushtuka.

Akaniambia ana rimu nne za aloi zimekaa stoo tu. Rangi ya dhahabu! Zina vijiti vyembamba kama miguu ya korongo. Akauliza kama ningependa kubadilishana: yeye anipe zile nne, mimi nimpe zangu tano za chuma, nne zilizofungwa na ile ya akiba.

Nikamtazama vizuri. Rimu zangu ni nyeusi, zimejaa makovu, zinafanana na masufuria ya jeshi. Mtu mzima, mwenye akili zake, anataka hizo? Nikainamisha kichwa nikafuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi, asije akaona meno yangu. Nimempata!

Tumebadilishana adhuhuri kwenye gereji ya mtaa, mke wangu akiwa darasani; gari limebaki huko juu ya matofali. Shemeji alizibeba zile za chuma moja moja, kifuani, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Ajabu.

Tatu bila: mimi nimepata uzuri, wepesi na ushindi. Gurudumu la akiba sina tena, lakini la nini? Mtu anayeshinda hapati pancha.

Jumatano, 5 Juni

Nimezipima rimu kwenye mizani ya bafuni. Kila moja ni nyepesi kwa kilo mbili kuliko ya chuma, niliyoipima jana kabla ya kuitoa. Jumla kilo nane! Ni sawa na kumwacha nusu mtu njiani.

Nikazipeleka kwa Bi Pancha, mwenye ile gereji, zikavishwe matairi. Huyu mama ana miaka sitini, penseli imechomekwa kwenye kilemba, na hakuna tairi mtaa huu ambalo halimjui. Akachukua spana akaigonga rimu ya dhahabu, kti, akasikiliza. Akaigonga nyingine. Akatafuta kwa ndani maandishi ya uzito inaoweza kubeba. Hakuna kitu, imechorwa nyota tu. Akaingiza vidole kwenye tundu la katikati akanionyesha kuwa ni pana kuliko kitovu cha gari langu, pale gurudumu linapokaa, kwa hiyo mzigo wote utaning'inia kwenye nati nne.

Nikamweleza habari za kilo nane. Akasema zipo aloi imara, zinazotengenezwa kwa ajili ya mbio, ila hizi si ukoo wao; hizi ni za kwendea harusini. Akasema gari la umri huu kwenye mawe linataka chuma. Chuma kikigonga jiwe kinapinda, unakinyoosha kwa nyundo, unarudi nyumbani. Hii ikigonga jiwe inakatika. Na kama shida ni kilo nane, akasema, akinitazama katikati ya mwili, zipo mahali pengine pa kuzitoa.

Foleni nzima ilicheka. Mwenye baiskeli alicheka hadi akakaa chini.

Nikamwambia afunge tu. Akafunga, huku akinung'unika na nati kana kwamba anaziombea.

Nimeliegesha gari nyuma ya nyumba na kulifunika turubai hadi chini. Mke wangu kauliza kwa nini. Nimemwambia rangi inahitaji kupumzika. Kanitazama kwa muda, akaendelea kusahihisha madaftari.

Alhamisi, 6 Juni

Janga.

Mke wangu katoka shule mapema, ana uso wa mtu aliyekata shauri. Akasema anataka kunionyesha kitu ndani ya buti. Kwenye gurudumu la akiba, upande wa ndani wa rimu, yeye na baba yake walikuwa wakichora mistari kwa msumari. Ipo kumi na tisa. Hajaitazama tangu msiba. Akasema anadhani leo anaweza.

Gurudumu la akiba! Moyo ulianguka hadi kwenye soksi, ambako ndiko nilikouficha ufunguo wa buti tangu Jumanne.

Nikasema ufunguo umepotea. Tukautafuta wote wawili. Aliutafuta kwenye droo, chini ya godoro, ndani ya kopo la sukari. Mimi niliutafuta kwa bidii kuliko yeye, nikichechemea, kwa kuwa ulikuwa unanichoma kisigino. Akauliza nina nini mguuni. Nikasema ni baridi yabisi. Akanikalisha, akaleta dawa ya kuchua, akaanza kuvua kiatu. Kiatu cha mguu mzima, asante Mungu! Nilimpa huo bila kufikiri. Akanichua mguu ambao haukuwa na neno, taratibu, huku akinisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuhesabu kona kwa vidole.

Sijawahi kujisikia mdogo kiasi hicho. Ningeweza kupita tundu la nati.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimekwenda kwa shemeji nikiwa na mpango. Nimeandika kwa mkono wangu cheti kutoka kwa fundi ambaye hajawahi kuwepo, kinachosema rimu zangu za chuma zina ufa na zirudishwe haraka kwa usalama wa mtumiaji. Nimekipiga hadi muhuri, wa duka la miwani, nikaukandamiza vibaya makusudi usisomeke.

Nikamkuta uani. Nne ameshazifunga kwenye gari lake. Ile ya tano ilikuwa chini mbele yake, naye amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye mistari, mmoja mmoja. Macho yamelowa. Akasema ni vumbi. Uani kwake pamesakafiwa.

Nikachuchumaa pia. Akaanza kusema mwenyewe. Alikuwa mdogo mno, kila Jumamosi gari likiondoka yeye alibaki getini na mama. Kiti cha msoma ramani kilikuwa cha dada. Alipofika umri wa kuweza kwenda, mzee aliacha kukimbia. "Shemeji," akasema, "mimi nilitaka kwenda naye mara moja tu. Hata kama ni magurudumu yake peke yake."

Akaongeza kuwa aliogopa kumwomba dada yake, kwa kuwa angempa, kisha angelia akiwa peke yake.

Cheti kilikuwa mfukoni. Nilikikunja mara nne, kikawa kidogo kama kidonge. Tukanywa chai. Nikamsaidia kukaza nati. Nikaondoka kama nilivyokuja, mikono mitupu.

Nikarudi nimeamua kumwambia mke wangu kila kitu. Nikamkuta anapiga pasi koti la baba yake la mbio, lile lenye mfuko wa ramani. Alikuwa anaimba kwa pua. Nikamwambia pasi ina moto sana. Ndilo pekee lililotoka.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika jioni hii mkono ukiwa na grisi. Nianze mwanzo.

Asubuhi nikatoa turubai. Mke wangu katoka amevaa lile koti, mikono imemzidi. Akasimama. Akatazama dhahabu ya mbele, akazunguka, akatazama ya nyuma. Nikayamwaga yote kwa pumzi moja: rimu, shemeji, kilo nane, soksi. Nikamaliza. Akafungua mlango wa abiria, akasimama hapo kidogo, mkono juu ya paa. Kisha akaingia, akafunga mkanda, akafungua ramani.

"Washa. Daraja kwanza, halafu kulia."

Kwa kilomita ishirini hayo ndiyo maneno niliyopata: kulia, kushoto, punguza, jiwe. Lakini sauti! Ilianza kavu kama ya kusoma matokeo ya mtihani. Polepole ikalainika. Kwenye kilima kirefu niliona anahesabu kona kwa vidole juu ya goti. Tulipita gari moja. Tulipita jingine, ingawa lile lilikuwa limesimama.

Kilomita ya thelathini na moja akasema, "Jiwe, kushoto." Mimi nikaelewa niende kushoto.

Mlio kama wa sahani kuanguka jikoni. Gari likakaa kiwete. Rimu ya mbele imekatika vijiti vitatu, na kipande cha dhahabu kikaendelea na mbio peke yake mbele yetu.

Gurudumu la akiba hakuna.

Tukakaa ukingoni mwa barabara. Magari yakapita moja moja, yale mawili tuliyoyapita pia, madereva wakipunga mkono. Nikangoja hasira. Nilistahili. Nikamsikia anatetemeka, nikageuka haraka, nikadhani analia.

Anacheka! Anacheka hadi amejishika mbavu, mikono ya koti inapepea. Nikasema naomba radhi kwa mistari ile, mbio kumi na tisa alizomaliza na baba yake. Akacheka zaidi. Akasema nani kaniambia wamewahi kumaliza mbio kumi na tisa? Hawakumaliza hata sita. Mistari ile ni ya siku walizoharibikiwa. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, kazini, popote. Gari likimfia njiani ndipo alipokuwa anaongea. Wakikaa hivi hivi ukingoni, alimweleza kila kitu: utoto wake, hofu zake, jinsi alivyomposa mama. Kwa hiyo kila likiharibika walichora mstari kwenye gurudumu la akiba, kwa sababu lilikuwa nje tayari.

"Niliacha kupanda," akasema, "kwa kuwa niliogopa litafika salama."

Nikampa mkono, akaushika.

Ndipo shemeji akatokea. Alianza nyuma ya wote, ila kwa hesabu ya muda alikuwa wa tatu! Wa tatu kabisa, na akasimama. Akashuka, akaiona ile rimu, akaniona mimi, akamwona dada yake ndani ya koti. Hakusema kitu kuhusu miaka minne. Akafungua buti lake akatoa gurudumu la tano, akaliweka chini mbele ya dada yake, macho chini kama aliyeiba.

Mke wangu akalitazama. Kisha akasogea, akapiga ardhi karibu yake kwa kiganja. "Kaa hapa. Hujawahi kukaa upande huu." Akaanza kumsimulia mstari wa kwanza. Akamaliza wa nne kabla yeyote hajakumbuka jeki.

Wa ishirini tukauchora leo. Mke wangu akaanza na msumari, akampa mdogo wake amalizie. Mstari umepinda. Mzuri.

Tulifika mstari wa mwisho pamoja, magari mawili, rimu moja nyeusi na tatu za dhahabu kwetu. Wasimamizi walikuwa wanakunja meza. Wa mwisho kabisa, na wa mwisho kasoro mmoja. Shemeji anadai yeye ndiye kasoro mmoja. Nitakata rufaa.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaleta asubuhi zile rimu nne za chuma zilizobaki kwake. Mke wangu akamrudishia moja, ile yenye mistari, akae nayo hadi mbio zijazo, halafu wapokezane. Bi Pancha kazifunga nyingine akiwa anaimba. Zile za dhahabu kazitundika ukutani kwake, na chini yake kaandika kwa chaki: ZA HARUSI.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimemwahidi mke wangu, mkono kifuani, kwamba sitabadilishana tena rimu na mtu yeyote. Akanibusu kwenye paji la uso. Ameketi barazani sasa na ramani mpya, ananiitia majina ya kona.

Mchana nimempelekea mteja miwani yake, dereva wa lori. Ana taa nne za ukungu, kubwa kama sahani za pilau, za kufunga mbele ya gari. Zinaona hadi kesho! Hataki rimu. Kwa hiyo ahadi haijaguswa. Anataka mlango mmoja tu wa gari letu, wa upande wa abiria.

Mlango una kilo ishirini na mbili. Nimeshapima kwa macho. Mke wangu anaweza kuingilia upande wangu.

Sidhani kama ataona.